Msimu Bila Namba Tisa

Chuo cha Ufundi Mwangaza,
Bweni la Pili,
Jogoo Road, Nairobi.
Jumapili, 18 Machi 1990

Kwa ndugu yangu Yonis,

Pokea salamu kutoka huku Jericho, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Natumaini zitakukuta ukiwa na afya, wewe pamoja na Mama Mumina, na mjomba wako Abukar, na watoto wote wa nyumba hiyo ambao sijawaona ila nimewajua kwa majina uliyoniandikia. Joto la Garissa linawatendeaje? Nasikia huko mtu akianika shati, kabla hajageuka limekauka. Hapa mvua zimeanza. Juzi ilinyesha tangu alfajiri, uwanja wetu ukawa matope matupu, na bata wa mlinzi wakahamia kwenye lango la upande wa barabara. Mimi ni mzima wa mwili. Ninakula, ninakwenda karakana, na kile kidole cha mguu kilichokuwa kikinisumbua kimepona.

Kadi yako niliipata tarehe tano Februari, ile yenye picha ya daraja la Mto Tana. Ni karibu wiki sita sasa. Najua umekuwa ukienda posta na kurudi mikono mitupu, na tafadhali usiwalaumu watu wa posta. Barua hii nimeianza mara nne. Kila mara naandika salamu vizuri, nauliza hali ya kila mtu, halafu nikifika kwenye habari zenyewe nakunja karatasi natia mfukoni. Leo nimejifungia kwenye chumba cha uchoraji. Wengine wamekwenda kanisani na wengine wanafua. Sitoki humu mpaka niimalize.

Uliniuliza mambo matatu: msimu uliishaje, nani anavaa jezi yako, na kama ile malaria iliniachia. Nitaanza na msimu, maana huo ndio rahisi.

Ulipoondoka Desemba tulikuwa tumecheza mechi tano na kushinda zote tano, na wewe peke yako ulikuwa na mabao tisa. Hata Bwana Nyamai, ambaye hamsifu mtu mpaka awe marehemu, alikuwa ameanza kusema kwamba Kombe la Vyuo mwaka huu litalala kwenye kabati la karakana yake ya kuchomelea. Mechi ya sita tuliicheza Januari, wiki ya pili baada ya kufungua, na wale jamaa wa kutoka Thika. Walikuja na basi bovu, wakashuka wakilisukuma, sisi tukawacheka. Wakatufunga tatu kwa bila, hapa hapa kwetu.

Nikueleze kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwangu. Miaka miwili nimecheza katikati na miguu yangu imejifunza jambo moja: nikipata mpira, nageuka, naupiga mrefu kwenye kona ya kulia bila kuangalia, kwa sababu najua wewe upo njiani. Siku ile niliupiga hivyo, ukatoka nje. Nikaupiga tena, ukatoka. Mara ya tatu watazamaji wakaangua kicheko, na Khavere akapiga kelele kutoka langoni mpaka sauti ikamkauka: “Nzomo, unampigia nani?”

Nilisimama nikatazama ile kona. Palikuwa na mama mmoja akipita na karai la viazi, na mbwa.

Bwana Nyamai akalazimika kutafuta mshambuliaji. Akamchukua Mbithi, yule mfupi wa mwaka wa kwanza upande wa umeme, anayekimbia kama kuku aliyekanyaga makaa. Mwanzoni kijana alikuwa na hofu hata ya mpira wenyewe. Akikosa anaomba radhi kwa kila mtu, mpaka kwa refa. Lakini ana moyo, Yonis, ungempenda. Mechi ya saba tulitoka sare, ya nane tukashinda kwa penalti yangu. Nusu fainali ilikuwa Februari mwishoni. Khavere aliokoa kila kitu siku hiyo. Aliokoa kwa mikono, kwa magoti, mara moja kwa uso. Bao letu alilifunga Mbithi kwa mgongo. Alikuwa amegeuka kuniuliza aende wapi, kona ikapigwa, mpira ukamgonga ukaingia. Tulimbeba mabegani kutoka uwanjani mpaka jikoni, na mpishi akatupa nyama mara mbili.

Mimi nilimbeba pamoja nao, nikaimba nao. Kisha nikaenda bwenini nikavua njumu nimeketi kwenye kitanda changu cha chini. Kitanda chako cha juu bado hakijapewa mtu. Mwenye stoo alitaka kukichukua Januari, nikamwambia utarudi. Godoro lako nimelikunja nikalifunga kamba. Nimezoea kulala nikitazama zile mbao za chini ya kitanda chako, pale ulipoandika kwa chaki hesabu ya mabao yako. Sijaifuta. Lakini zamani nilikuwa nikisikia kitanda kikilia ukigeuka, na kila asubuhi mguu wako mmoja ukishuka mbele ya uso wangu kabla sijaamka vizuri, nikikutukana. Sasa naamka na hakuna wa kumtukana.

Desemba ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wote walikwenda makwao, nami nikabaki kwa sababu ya yale mafunzo ya kazi kwenye kiwanda cha rangi kule Industrial Area. Tulikuwa watu wawili bweni zima, mimi na mlinzi. Kila asubuhi nilitembea pamoja na umati wa vibarua wanaotoka Mukuru kwa Njenga, watu mia, mia mbili, na hakuna aliyenijua. Jioni narudi, nachemsha uji, nakaa mlangoni. Krismasi nikashindwa kukaa. Nikavaa, nikapanda mpaka Eastleigh, Section Two, kwenu. Nilijua hampo. Miguu ilikwenda tu, kama ilivyokuwa ikienda kila Jumamosi kufuata mikate ya anjera ya Mama na chai yake ya iliki.

Nyumba ina wapangaji wengine sasa. Mlango wameupaka rangi ya kijani. Yule jirani yenu Fadumo alinitambua, akaniita ndani, akanipa chai. Akaniuliza kama mimi ndiye yule mwenzake Yonis aliyekuwa mgonjwa. Nikasema ndimi. Akaingia chumbani akatoka na blanketi lile la mistari ya kahawia, akasema Mama Mumina aliliacha kwa ajili yangu. Alimwambia kwamba mtu aliyetoka kuugua malaria asilale na shuka la chuo peke yake, na kwamba mimi sina mama hapa mjini wa kuniangalia. Nilishukuru. Nililibeba kwa mkono mpaka chuoni, sikulitia begani. Liko juu ya kitanda chako, limekunjwa. Sijajifunika hata siku moja.

Habari ya jezi sasa. Kabla ya mechi ya saba, Bwana Nyamai aligawa jezi pale karakana kama kawaida yake, akiita namba na kurusha. Alipoita tisa akamrushia Mbithi. Mimi nikaidaka katikati. Nikasema mbele ya wote kwamba Yonis Kahin bado ni mwanafunzi wa chuo hiki, amekwama kwenye ukaguzi wa uraia tu, na mpaka atakaporudi au jina lake litakapofutwa daftarini, jezi hii haivaliwi. Wakapiga makofi. Khavere alikuwa karibu kulia. Mbithi akapewa kumi na tano, inamfika magotini. Mwalimu mkuu akasikia, na Jumatatu kwenye baraza akanitaja kwa jina. Alisema chuo si vyuma na nyaya tu, chuo ni watu wanaojua kushika urafiki, kama Nzomo Kimeu. Nilisimama pale mbele ya wanafunzi mia tatu nimetazama viatu vyangu, na wao wakafikiri ni unyenyekevu.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusifiwa. Vijana wa mwaka wa kwanza wananiachia nafasi kwenye foleni ya chakula. Wananiuliza habari zako, nami nawaeleza ulivyofunga lile bao la kichwa kule Ruiru, wananisikiliza. Kadiri walivyonisogelea ndivyo nilivyozidi kuwa peke yangu. Utaelewa kwa nini ukifika chini.

Fainali tuliicheza Jumamosi ya tarehe kumi mwezi huu, uwanja wa Kaloleni, na chuo cha ualimu kimoja cha kutoka Bonde la Ufa. Watu walijaa. Walikuja wa Makongeni, wa Mbotela, wengine wamepanda juu ya ukuta. Dakika ya ishirini tulipata mpira wa adhabu, nikaupiga mimi, ukapita juu ya ukuta wa watu ukaingia. Moja kwa bila mpaka mapumziko. Kipindi cha pili walisawazisha, na Khavere akaumia kidole, lakini akakataa kutoka. Zikabaki dakika tano hivi. Mpira ukanijia miguuni katikati ya uwanja, na safari hii niliinua kichwa nikatazama. Mbithi alikuwa anakimbia kona ya kulia, pale pale. Nikampa. Pasi ilikuwa nzuri, nasema kweli. Akapita beki wa kwanza, akabaki na kipa, akateleza. Kipa akaudaka, akaurusha mbele haraka, na kabla hatujarudi wakawa wamefunga la pili. Refa akapuliza.

Mbithi alilala kifudifudi kwenye majani, hakuna aliyemlaumu. Wenzetu walikumbatiana wakalia pamoja, Bwana Nyamai akizunguka akiwapigapiga mgongoni. Mimi nilikwenda kukaa kwenye ile kona, karibu na kibendera. Nilitaka kukaa hapo tu.

Hapo ndipo aliponijia yule bwana wa kofia ya kahawia. Unamkumbuka, yule mtu wa klabu kubwa aliyekuwa akija kututazama Novemba na kuandika kwenye kijidaftari. Alinisalimia, akasema nimecheza vizuri, na kwamba nije kwenye mazoezi ya klabu yao Jumanne nijaribiwe. Nilimshukuru. Halafu akatazama huku na huku, akauliza yule mrefu, namba tisa, yuko wapi, maana leo hakumwona.

Nikamjibu, “Kaenda kwao.”

Yule bwana akanitazama. “Kwao wapi?” akaniuliza. “Si aliniambia kwao ni Section Two, nyuma ya msikiti?”

Yonis, huyo mtu alizungumza nawe mara moja, labda dakika tano. Mimi nimekula kwenu miaka miwili. Niligeuka nikatazama kile kibendera. Alingoja kidogo, akaenda zake.

Basi nifike kwenye swali lako la tatu. Uliandika, “Vipi Kapteni, ile malaria imekuachia?” Sikuwa na malaria. Sikuwa na ugonjwa wowote.

Wewe unajua upande wako tu wa siku ile, nami nataka uujue wangu. Ukaguzi ulipotangazwa Novemba, kwamba kila Msomali wa hapa Kenya aende akathibitishe uraia wake apewe kadi, ulicheka, ukasema watajua kila kona ya Eastleigh wakikuuliza wewe. Uliporudi mara ya kwanza hukuwa unacheka. Cheti chako cha kuzaliwa kilipotea mlipohama nyumba baada ya marehemu mzee Kahin kufariki, na wale wa kamati wakakwambia Jumanne ulete mtu asiye wa ukoo wenu, anayekufahamu, aseme mbele yao. Bwana Nyamai alijitolea kwenda. Nilikuwepo. Ukamwambia, “Asante mwalimu, lakini Nzomo atatosha.”

Jumapili kabla ya Jumanne hiyo nilikwenda kula chakula cha mchana kwa kaka yangu Mativo, kule mtaa wa Tena. Nikamweleza. Unajua ni dereva katika idara ya serikali, ana watoto wanne. Aliweka kijiko chini. Akaniambia, “Wewe kijana, mambo hayo usijitie. Jina likishaandikwa kule halifutiki, na la kwako ndilo la kwangu. Nikifukuzwa kazi utawalisha wewe hawa?” Nikaondoka nimeingiwa na hofu, hiyo ni kweli. Lakini kesho yake Jumatatu, Bwana Nyamai aliniita kando akaniambia kwa siri kwamba yule bwana wa kofia anataka kuchukua mchezaji mmoja kutoka chuo chetu msimu ujao, wewe au mimi, na kwamba nafasi ni moja. Nimejiuliza miezi hii yote ni lipi kati ya hayo mawili lililonishika mguu. Ningependa kukwambia ni hofu. Mtu huweza kusamehewa hofu. Lakini nimeapa kutoandika uongo kwenye barua hii, na ukweli ni kwamba yalikuwa yote mawili, na la pili sikumwambia mtu yeyote, hata nafsi yangu, mpaka pale kwenye kibendera.

Asubuhi ya Jumanne nilivaa lile shati langu la kanisani, nikafika. Nilifika, Yonis. Nilisimama ng'ambo ya barabara, pale kwa fundi viatu chini ya bati. Nikakuona kwenye foleni ukutani, umevaa shati jeupe, na Mama Mumina kando yako na mtandio wa buluu na chupa ya chai. Kila gari likisimama ulinyoosha shingo. Fundi akaniuliza kama nina kiatu cha kushona, na mimi, ili nipate sababu ya kukaa, nikavua kiatu changu cha kulia nikampa. Hakikuwa kimetoboka. Akakigeuza, akanitazama, akaanza kukishona vivyo hivyo.

Nikakuona ukizungumza na askari wa mlangoni, ukimwonyesha barabara kwa mkono. Nilijua unamwambia nini. Ulikuwa unamwambia anakuja, mngojee kidogo. Mama alikumiminia chai ukakataa. Kisha wakaita jina lako, ukageuka mara ya mwisho ukatazama barabara yote, mpaka upande wangu, na mimi nikainama kama mtu anayetazama soksi zake. Mlipotoka sikuhitaji kuuliza. Mama Mumina alikuwa anatembea ameshika ukuta.

Nikarudi chuoni nikajitupa kitandani, nikajifunika kichwa. Na wewe, saa kumi na moja, ulikuja. Ulikuwa umetoka kuambiwa kwamba faili lako halisongi mpaka ulete wazee wa upande wa baba, na ulikuja na machungwa sita kwenye gazeti. Uliniwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso ukasema, “Kweli unachemka, beshte.” Nilikuwa nachemka kwa aibu, na kwa blanketi. Mimi ndiye niliyetamka neno malaria. Wewe ulisema nisijilaumu, mtu haugui kwa kupenda, Mungu atafungua njia nyingine, nipone kwanza. Ukanimenyea chungwa. Nililila. Jumamosi mkaondoka kwenda kwa mjomba Abukar kutafuta wazee, na mimi nikawasindikiza mpaka kituoni nikijikohoza.

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nashindwa kuiandika.

Jumanne ya majuzi sikwenda kwa yule bwana wa klabu. Jumatatu yake nilikuwa nimekwenda karakana kumwambia Bwana Nyamai kila kitu. Alikuwa anachomelea lango. Alizima moto, akavua miwani na glavu, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anipige. Alisema tu, “Ningeenda mimi.” Akaangalia lile lango. Halafu akaniuliza kama nitakuandikia mwenyewe au akuandikie yeye. Nikasema mwenyewe. Jioni akaita timu, nikarudia mbele yao. Khavere ndiye nahodha sasa. Hakuna aliyenitukana. Wananipisha tu. Nikikaa mezani, meza inakuwa yangu. Ni Mbithi peke yake aliyekuja jana akakaa mbele yangu na sahani yake ya githeri, akala akamaliza akaondoka.

Jumatano, Bwana Nyamai na mimi tulikwenda ile ofisi. Nilisema mbele yao niliyopaswa kusema Novemba: kwamba nakufahamu, kwamba nimelala chini ya kitanda chako miaka miwili, kwamba najua shule uliyosoma Eastleigh na mwalimu aliyekufundisha, kwamba majirani zenu wa Section Two wanakukumbuka ukiwa unabebwa mgongoni. Bwana Nyamai naye akasema yake. Karani aliandika yote, tukatia sahihi, akagonga muhuri. Alisema faili halijafungwa, ila ni lazima uje mwenyewe pamoja na wazee wawili, na kwamba mashahidi wa chuo sasa wapo ndani. Nakala naituma pamoja na barua hii. Nyingine nimebaki nayo, isije ikapotea njiani. Nimemwambia kaka Mativo pia. Amesema nisikanyage kwake kwa sasa. Nimemwelewa.

Tunafunga Aprili. Nimekata shauri kupanda basi la Garissa na nitafika Jumamosi tarehe kumi na nne. Basi lenyewe hupita kwetu Mwingi, lakini sitashuka. Najua nitawakuta mko kwenye saumu, kwa hiyo msihangaike na mgeni. Nitakuja moja kwa moja kwenye duka la mjomba Abukar pale sokoni. Ikiwa hutaki kuniona, mwambie mjomba tu. Nitamkabidhi zile karatasi pamoja na blanketi la Mama, nitalala gesti karibu na kituo cha mabasi, na Jumapili nitarudi Nairobi. Sitauliza sababu, na sitakuandikia tena kukusumbua. Ikiwa utakubali nikae, basi nitafuatana nawe na wazee kurudi, na siku hiyo tutakwenda ile ofisi pamoja.

Jambo moja la mwisho ninakuomba. Barua hii msomee Mama Mumina yote, usiruke mahali kwa kunionea huruma wala kwa kumwonea yeye. Naye alisimama kwenye ile foleni. Nilimwona akimimina ile chai uliyoikataa, akaishika mkononi mpaka ikapoa, akaimwaga chini.

Wasalimie wote. Mfungo uwe mwepesi kwenu, na mvua iwafikie huko. Bwana Nyamai anakusalimu, Khavere anakusalimu, na Mbithi, ambaye hamjaonana vizuri, anasema nikupe pole.

Ni mimi,
Nzomo Kimeu